Ukitoka kwenye petroli kuingia kwenye dizeli: uendeshaji wa Dar es Salaam

Ukihama kutoka IST ya petroli kwenda Hilux, Prado au CX-5 ya dizeli, usukani ni uleule na pedali ni zilezile, ila mguu wa kulia inabidi ujifunze upya. Injini ya petroli inawasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche: hewa inabanwa sana, kwa uwiano wa kati ya 14:1 na 22:1 kutegemea injini (petroli nyingi ziko 9:1 hadi 12:1), inapata joto kali, kisha nozeli inapuliza dizeli ndani na dizeli inawaka yenyewe. Karibu kila tofauti utakayokutana nayo barabarani inaanzia hapo.

Kuwasha na kuzima

Washa swichi bila kupiga stata. Subiri taa ya rangi ya chungwa yenye mchoro wa koili izime. Hiyo ni hita plagi inapasha chumba cha mwako. Kwa joto la Dar itazima mara moja, pengine hata usiione. Gari likizungusha sana asubuhi kabla ya kuwaka, kisha likatoa moshi mweupe na kutetemeka, anza kwa kupima hita plagi na betri. Kubana hewa kiasi hicho kunahitaji stata yenye nguvu, kwa hiyo usikubali kuuziwa betri ndogo ya gari la petroli kwa sababu tu ni nafuu.

Baada ya kuwasha usipige resi. Subiri sekunde 20 au 30 oili ifike kwenye turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), ondoka taratibu, na usikanyage kwa nguvu mpaka injini ipate joto. Wakati wa kuzima, kama umetoka Chalinze kwa mwendo, acha injini ingurume dakika moja au mbili ili turbo ipoe kwa oili inayozunguka. Ukiwa umetambaa kwenye foleni ya Ubungo, turbo haijafanya kazi kubwa, zima tu.

Gia na resi

Nguvu ya petroli iko juu, ndiyo maana madereva wake huipandisha hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika wakitaka kupita lori. Dizeli yenye turbo nguvu yake iko kati ya 1,500 na 3,000 hivi, na nyingi zinafika mwisho karibu na 4,500. Kuipigisha kelele juu ya hapo ni kupoteza mafuta. Ukitaka kuovateki, shuka gia moja mapema, acha turbo ijae, ndipo utoke. Ukitoka kwanza halafu ndiyo ukanyage, kuna kuchelewa kidogo, na mbele yako kuna basi linakuja.

Kosa la upande wa pili ni kuilazimisha gia kubwa kwa sababu "dizeli ina nguvu". Chini ya 1,300 hivi, ukikanyaga ukisikia mtetemo unapanda hadi kwenye kiti, unaumiza klachi, flaiwili na mauntini (raba zinazoshika injini). Shusha gia.

Foleni, na ile filta ya ekzosti

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Dizeli nyingi za kisasa zinazotoka Japani na Ulaya zina DPF, filta inayokamata masizi kwenye ekzosti. Ikijaa, gari huyachoma masizi hayo lenyewe kwa kupandisha joto la ekzosti hadi karibu nyuzi 600. Kazi hiyo inataka kama dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Safari ya Sinza hadi Kariakoo, simama-nenda, haifiki huko.

Utajua inachoma: sailensa (resi ya gari likiwa limesimama) inapanda kidogo, feni inazunguka kwa nguvu, ulaji wa mafuta unaongezeka ghafla, na kuna harufu ya moto. Usizime gari. Ikikatizwa mara kwa mara, dizeli iliyopulizwa kwa ajili ya kuchoma inashuka kwenye oili. Ndiyo maana unatakiwa kuchomoa kipimo cha oili kila wiki: kiwango kikipanda juu ya alama, usifurahi. Oili imechanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi, na hailindi beringi tena. Imwage. Oili kuwa nyeusi mapema, kwa upande mwingine, ni kawaida ya dizeli.

Dawa ni kulitoa gari mara moja kwa wiki au mbili: Tegeta hadi Bagamoyo, au Kimara hadi Kibaha, alfajiri kabla magari hayajajaa. Shika mwendo uleule, gia inayokuweka kati ya 2,000 na 2,500, bila kuvunja alama za 50. Taa ya DPF ikianza kuwaka na kuzima, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Weka oili iliyoandikwa kwa magari yenye DPF. Ya kawaida inaacha majivu mengi zaidi, na majivu hayaungui kamwe. Na kama safari zako zote ni za mjini tu, nunua petroli.

Sheli

Sema "dizeli" kabla mfuniko haujafunguliwa, na shuka uangalie pampu. Petroli ikiingia kwenye tanki la dizeli, usiwashe hata swichi, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya tanki huanza kusukuma papo hapo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha. Petroli inaiacha kavu, vyuma vinasagika na vipande vinakwenda hadi kwenye nozeli. Sukuma gari pembeni, tanki limwagwe lote, filta ibadilishwe.

Usisubiri mafuta yaishe. Petroli ikiisha unaongeza na kuwasha. Dizeli ikiisha hewa inaingia kwenye mipira, na mara nyingi itabidi ubonyeze pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Taa ya maji kwenye filta ikiwaka, fungua nati ya chini, maji yatoke mpaka ije dizeli safi.

Masika

Petroli huweza kuzimika maji yakigusa koili. Dizeli haina cheche ya kuzimwa, itaendelea kunguruma kwenye maji ya bonde la Jangwani mpaka ivute maji kupitia bomba la hewa. Maji hayabanwi, na nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo, kwa hiyo hata kidogo yanatosha kupinda konrodi (chuma kinachosukumwa na pistoni). Ikizimika ndani ya maji usipige stata. Lisukume nje, fungua boksi la filta ya hewa. Ukikuta filta imelowa, fundi atoe hita plagi au nozeli kwanza, injini izungushwe maji yatoke, ndipo ijaribiwe.