Mbane kwanza, ndipo umvamie: seksheni mbili mezani

Hesabu zote hapa zinafuata kanuni za Bolt Action, mchezo wa Vita Vikuu vya Pili unaochezwa mezani kwa visanamu vya askari na dadu, toleo la pili la 2016.

Meza kwanza. Plaiwudi huuzwa futi 8 kwa 4. Mwambie fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, akate futi 2, ubaki na meza ya futi 6 kwa 4. Kipande kinachobaki ni cha vilima. Sitairofomu za kufungia runinga, zile zinazotupwa Luthuli Avenue, ni kuta nzuri sana, ila zipake rangi ya maji kwanza, kwa sababu rangi ya kupuliza huila sitairofomu tupu. Jaza vizuizi. Meza iliyo wazi haina mbinu, ina dadu tu.

Ukipenda askari wa huku kwetu, panga KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopigana bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Seksheni (kikosi kidogo) ya mtindo wa Kiingereza ina watu 10 na Bren moja, yaani bunduki nyepesi ya rashasha. Vitani iligawanyika: Bren inafyatua, wenye bunduki wanasonga. Mezani hairuhusiwi, maana askari wa kikosi kimoja hawaachani zaidi ya inchi 1. Kwa hiyo kazi hizo mbili zigawie seksheni tofauti: moja au mbili za kubana, yaani kumfyatulia adui hadi ashindwe kufanya kazi yake, na moja ya kuvamia.

Kubana ndiko kunakoamua mchezo. Kikosi kikipigwa hata risasi moja huwekewa alama moja ya kubanwa, na ni moja tu hata zikigonga sita. Ndiyo maana kurundika watu wote kwenye kikosi kimoja kikubwa ni hasara: vikosi vitatu vikilenga adui mmoja vinaweza kumwekea alama tatu. Askari wa kawaida wana ari ya 9. Wakibanwa, kabla ya kutii amri hurusha dadu mbili, na jumla isizidi 9 ukiondoa alama zao. Kwa alama 1 hufaulu mara 26 kati ya 36. Kwa alama 2, mara 21. Kwa alama 3, mara 15. Wakishindwa hulala chini, na zamu yao imekwisha. Tena kila alama huwapunguzia shabaha kwa 1.

Seksheni ya kubana isisogee. Tazama: bunduki 9, adui yuko nyuma ya ukuta wa mawe, umbali inchi 18. Shabaha huanzia 3, yaani dadu ya kila bunduki ionyeshe 3 au zaidi. Ongeza 1 kwa umbali (bunduki hufika inchi 24, na kupita nusu yake ni mbali), ongeza 2 kwa ukuta, unahitaji 6. Nafasi ya kupata angalau pigo moja ni kama asilimia 80. Ukisogea kabla ya kufyatua unahitaji 7, yaani 6 halafu 6 tena, na nafasi inashuka hadi asilimia 22 hivi.

Seksheni ya kuvamia ifiche nyuma ya nyumba au kilima, ubavuni mwa adui. Usiipitishe mbele ya wenzao, maana utaziba macho ya bunduki zako mwenyewe. Ifikishe ndani ya inchi 6, kisha ipe amri ya kukimbia na kuvamia. Ukianzia mbali zaidi ya hapo, adui ambaye hajapewa amri zamu hiyo ana haki ya kukufyatulia ukija.

Dadu za amri (kila kikosi kina moja, na yako ikitoka unaamuru kikosi kimoja) huchomolewa mfukoni bila kuangalia, kwa hiyo za kwanza zitumie kubana na moja ibaki ya uvamizi. Usiahirishe hadi zamu inayofuata: adui akifaulu kujipanga upya, hurusha dadu moja na kuondoa alama kwa idadi itakayotokea, na kazi yote uliyofanya imepotea.

Na kabla ya kuingia, hesabu vichwa. Anayeshindwa ana kwa ana hutolewa mezani kikosi kizima, kwa hiyo watu wanne waliochoka wasitumwe kwa wanane.