Jinsi ya kugawana vipande vya kodi kwenye timu bila kupitia WhatsApp

Kwenye timu nyingi, kipande cha kodi (mistari michache ya programu au amri) kinachosaidia hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wiki mbili baadaye hakipatikani, na kikipatikana hakifanyi kazi. Sababu ipo. WhatsApp ikikuta neno kati ya nyota mbili hulikoleza na kuzificha nyota, kwa hiyo anayenakili kwa macho kutoka kwenye simu anazikosa. Ukiandikia kwenye iPhone, simu inaweza kugeuza vistari viwili `--` kuwa kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, haizikubali.

Tuweke vipande hivyo kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la faili.

Hatua ya 1: Fungua folda moja

```
mkdir ~/vipande && cd ~/vipande
git init
```

Hatua ya 2: Weka vifupisho vya Git

Tengeneza faili liitwalo `git-yetu`:

```
[alias]
    hali = status -sb
    mti = log --oneline --graph --all
```

Kisha kila mmoja aliunganishe kwenye kompyuta yake:

```
git config --global --add include.path ~/vipande/git-yetu
```

Hapa ndipo wengi hukosea: wanagawana `~/.gitconfig` nzima, na kesho yake kazi ya mtu mmoja inasajiliwa kwa jina na barua pepe ya mwingine. Kwa njia hii jina lako linabaki kwako, vifupisho tu ndivyo vya wote. Na majina yawe ya Kiswahili, napenda sana hilo: kijana aliyeanza kazi jana akisikia `git mti` anajua ategemee kuona nini.

Hatua ya 3: Weka amri za terminali

Kwenye faili `amri.sh`, weka amri ya kuonyesha ni programu gani inatumia poti fulani (namba ya mlango wa mtandao kwenye kompyuta):

```
# Nani ameshika poti hii? Mfano: nanipoti 3000
nanipoti() {
  lsof -nP -iTCP:"$1" -sTCP:LISTEN
}
```

Mstari wa maelezo wenye mfano usiachwe kamwe. Mwishoni mwa `~/.bashrc`, faili ambalo terminali husoma inapofunguka, ongeza:

```
[ -f ~/vipande/amri.sh ] && . ~/vipande/amri.sh
```

Wenye Mac waweke kwenye `~/.zshrc`, kwa kuwa tangu 2019 macOS hutumia zsh badala ya bash watumiaji wapya wanapoanza.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye mashine tupu

Hatua hii ndiyo naisisitiza kuliko zote. Kipande kinachofanya kazi kwako kinaegemea vitu ulivyosakinisha miaka iliyopita ukavisahau. Kama una Docker, programu inayofungua mashine tupu ya muda ndani ya kompyuta yako:

```
docker run --rm -it -v ~/vipande:/root/vipande:ro ubuntu:24.04 bash
```

Ukiwa ndani, andika `. /root/vipande/amri.sh`, kisha `nanipoti 3000`. Utajibiwa `lsof: command not found`, maana taswira hiyo ya Ubuntu haina lsof, programu ambayo `nanipoti` inaitegemea. Mimi nilikuwa nimeitumia amri hii muda mrefu bila kujua kwamba kuna kompyuta isiyo nayo. Andika kwenye `README`, faili la maelezo ndani ya folda, kwamba inahitajika, pamoja na amri ya kuisakinisha: `apt update && apt install -y lsof`.

Angalia pia `sed -i`, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili. Kwenye Linux inatosha hivyo, lakini ile inayokuja na Mac inadai kiambishi cha faili la akiba, hata kikiwa kitupu: `sed -i ''`.

Hatua ya 5: Chuja siri kabla ya kusukuma (kupeleka kwenye seva)

```
echo ".env" >> .gitignore
git add . && git diff --cached
```

Mstari wa kwanza unaizuia Git isichukue `.env`, faili ambalo mara nyingi huwa na siri. Kisha soma mabadiliko yanayoonyeshwa mstari kwa mstari, ukitafuta nywila, tokeni (funguo za siri za kuingilia huduma) na anwani za seva za ndani. Tokeni ikishatoka, kuifuta kwenye faili na kusukuma tena hakusaidii, kwa sababu historia ya Git bado inayo. Nenda kwanza kwenye huduma husika uibatilishe, utoe mpya. Kusafisha historia kufuate baadaye.

Ukiridhika, `git commit`, sukuma kwenye hifadhi ya faragha ya timu, na mwambie mwenzako mmoja aishushe na kufuata `README` peke yake, wewe ukiwa kimya pembeni. Kila atakapokwama, ongeza mstari mmoja.