Kabla Hujaenda Cousin Kupiga Picha Ndege wa Bahari

Cousin ni kisiwa cha Shelisheli chenye hekta 27 tu, mwendo mfupi wa boti kutoka Praslin. Kilikuwa shamba la minazi hadi 1968, kiliponunuliwa ili kumwokoa ndege mmoja mdogo wa msituni ambaye hakuwa amebaki kwingine kokote duniani. Walikuwa hawafiki hata 30. Leo ni hifadhi, na ndege wake wa bahari hawamkimbii mtu. Hakuna paka wala panya huko, hivyo hawana sababu ya kukimbia.

Amua kwanza unakwenda msimu gani, kwa sababu huwezi kupata yote. Wakati wa kusi (pepo za kutoka kusini-mashariki), kati ya Mei na Septemba, buabua weusi wadogo, aina ya ndege wa bahari, hutaga kwa maelfu juu ya miti, lakini bahari huchafuka na safari zinaweza kuahirishwa. Ukienda msimu wa kusi, usiweke Cousin siku ya mwisho ya safari yako. Aprili na Oktoba bahari huwa tulivu zaidi. Buabua weupe hutaga mwaka mzima, kwa hiyo hao hutawakosa.

Safari hupangwa mapema kupitia wenye boti wa Praslin. Wageni hupokewa asubuhi za siku za kazi, hutembezwa na walinzi wa hifadhi, na hawalali kisiwani. Boti iliyokuleta haigusi ufuo: unahamia ya walinzi, ili panya asije akapanda na mizigo. Usiku wa kuamkia safari, mwaga kila kilichomo kwenye begi, kung'uta mchanga na mbegu, na sugua soli za viatu. Kamera itie kwenye mfuko usiopitisha maji, maana boti ya walinzi hupanda mchangani kwa kasi na mawimbi hurusha maji.

Lenzi kubwa nzito iache hotelini. Ndege wako karibu kiasi kwamba ya milimita 70 hadi 200 inatosha kabisa. Tatizo ni mwanga. Chini ya miti ya mapou kuna giza, na buabua mweupe akikaa mbele ya giza hilo, kamera hudanganyika ikaongeza mwanga hadi manyoya yakawa doa jeupe lisilo na kitu ndani. Punguza mwanga kwa stopu moja (yaani nusu), pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kisha tazama picha ya kwanza kabla ya kupiga ya pili. Flashi usiifikirie kabisa.

Sasa miguu na mabega, ambavyo naona ni muhimu kuliko kamera. Buabua mweupe hajengi kiota: hutaga yai moja juu ya tawi tupu, mara nyingine usawa wa kichwa chako. Ukigeuka ghafla na begi mgongoni, yai limekwenda. Kwa hiyo beba begi dogo, livae mbele, na tazama tawi kabla hujaliegemea. Chini nako kuna ndege weupe wenye mkia mrefu wanaoatamia kwenye shina la mti, na wengine wanaochimba mashimo ambayo huporomoka yakikanyagwa. Ndiyo sababu mlinzi atakutaka usitoke njiani. Na ndege asiyeruka si kwamba ameridhika. Akipiga kelele, akiinuka juu ya yai au akikufuata kwa mdomo wazi, umeshapita mpaka. Rudi nyuma, hata kama picha ilikuwa bado.

Mbu ni wengi sana. Vaa mikono mirefu na paka dawa, ila ifute viganjani kabla ya kushika kamera, kwani baadhi huyeyusha plastiki. Kofia ni lazima, na si kwa ajili ya jua: juu yako kuna viota maelfu, na vinyesi havichagui. Kikidondokea lenzi, usikisugue kwa shati. Kilainishe kwanza kwa kitambaa chenye maji safi, ndipo ufute.