Kabla ya barua ya kustaafu: mambo ambayo mwajiri na mtumishi wa Jiji la Dodoma wanapaswa kuyaweka sawa

Watumishi wengi wa halmashauri huanza kuulizia mafao yao katika mwaka wa mwisho wa utumishi, wakati ambapo sehemu kubwa ya mambo yanayoamua kiasi cha mafao hayo ilikwisha kuamuliwa zamani, ama katika fomu aliyoijaza mtumishi siku alipoajiriwa, ama katika orodha za michango zilizowasilishwa miaka mingi iliyopita, ama katika barua ya kupandishwa cheo iliyobaki masijala bila kuingizwa kwenye mshahara. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, ndio unaokokotoa na kulipa, lakini hukokotoa kwa taarifa zinazotoka kwa mwajiri. Kwa hiyo maandalizi yanayozungumzwa hapa yanamhusu kwanza afisa utumishi wa Halmashauri ya Jiji la Dodoma, na baada yake mtumishi mwenyewe, ambaye akiyasoma miaka kumi kabla ya kustaafu atakuwa na nafasi ya kurekebisha mambo ambayo aliyebakiza miezi sita hana tena.

Jambo la kwanza ni kujua mtumishi amepitia mifuko ipi. PSSSF ilianza kazi tarehe 1 Agosti 2018 baada ya Sheria Na. 2 ya mwaka huo kuunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kabla ya hapo halmashauri moja iliweza kuwa na walimu waliochangia PSPF na watumishi wengine waliochangia LAPF, mfuko uliokuwa na makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Dodoma ina historia yake ya ziada, kwa kuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake zikahamishiwa Manispaa, ambayo nayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mtumishi aliyetoka taasisi ya namna hiyo anaweza kuwa na vipindi vya utumishi vilivyoandikwa na waajiri wawili au watatu, na ni wajibu wa ofisi ya sasa kuhakikisha vipindi vyote vinaonekana katika taarifa moja ya michango. Taarifa hiyo iombwe mapema na isomwe mwezi kwa mwezi, kwa sababu jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa haioneshi pengo la miezi minne lililotokea mtumishi alipohamishwa kutoka wilaya nyingine na jina lake likachelewa kuingia katika orodha ya mishahara ya kituo kipya.

Walimu na wengine walioajiriwa na Serikali kabla ya tarehe 1 Julai 1999 wana suala lao mahususi. Mfuko wa PSPF ulipoanza tarehe hiyo, ndipo walipoanza kukatwa michango, ilhali utumishi wao wa miaka ya nyuma ulihesabiwa katika pensheni bila kuwa umechangiwa. Deni lililotokana na kipindi hicho liliuelemea mfuko kwa miaka mingi, hadi Serikali ilipotoa hatifungani isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa baadaye badala ya fedha mkononi, ya takribani shilingi trilioni 2.17 mwishoni mwa mwaka 2021 ili kulipunguza. Kwa afisa anayeandaa jalada, maana yake ni kwamba taarifa ya michango peke yake haitoshi kuthibitisha utumishi wa mtu wa namna hii: barua ya ajira ya kwanza ndiyo inayobeba miaka hiyo, na isipopatikana masijala ni heri itafutwe leo kuliko kutafutwa wakati mstaafu amekwisha kukabidhi ofisi.

Barua hiyo ya kwanza iambatane na barua ya kuthibitishwa kazini na ile inayoonesha kwamba ajira ni ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Wako watumishi walioanza kwa mkataba au kwa vibarua, kisha wakaajiriwa rasmi, nao huamini kwa dhati kwamba miaka yote hiyo itahesabiwa. Huenda itahesabiwa na huenda isihesabiwe, kutegemea kama michango ilikatwa na kuwasilishwa, na ni vyema wakaelezwa hivyo mapema badala ya kuachwa wapange ujenzi wa nyumba kwa hesabu isiyo yao.

Majina na tarehe za kuzaliwa huchelewesha mafao kuliko jambo jingine lolote la kimasijala. Mtumishi huajiriwa kwa jina la Ester, akaandikishwa katika Kitambulisho cha Taifa kwa jina la Esther, kisha akafungua akaunti ya benki kwa jina la mume. Kila ofisi kati ya hizo tatu inamfahamu vizuri, lakini hakuna inayomfahamu kwa jina ambalo nyingine inalo. Tofauti ndogo za aina hii hurekebishwa kwa hati ya kiapo na kwa kusahihisha taarifa katika mfumo, kazi ambayo ni nyepesi mtumishi akiwa bado kazini na ni nzito akiwa amekwisha kurudi kijijini. Tarehe ya kuzaliwa ina masharti makali zaidi, kwa kuwa ile iliyoandikwa wakati wa ajira ya kwanza ndiyo inayotumika kuhesabu umri wa kustaafu, na mtumishi anayeleta cheti kipya cha kuzaliwa akiwa na miaka 58 asitarajie kuongezewa muda. Vyeti vya elimu navyo viwe katika jalada vikiwa vimehakikiwa. Uhakiki wa mwaka 2017, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais hapa Dodoma mwezi Aprili, uliwaondoa kazini maelfu ya watumishi kwa vyeti vya kughushi, nao walisubiri hadi mwaka 2022 ndipo Serikali ilipoamua warejeshewe michango waliyokatwa wao wenyewe, bila ile ya mwajiri.

Kuhusu michango, kiwango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huchangia asilimia 15. Kwa mtumishi anayelipwa kupitia Hazina, makato hayo hufanyika katika mfumo mkuu wa mishahara, na makosa yanayobaki ni ya taarifa zaidi kuliko ya fedha. Hatari halisi iko kwa wale wanaolipwa kwa mapato ya ndani ya jiji, kwa sababu hapo Mweka Hazina ndiye anayepaswa kutenga zile asilimia 15 kutoka katika makusanyo yaleyale yanayogombewa na barabara za mitaa, uzoaji wa taka na posho za vikao. Michango inatakiwa kufika katika mfuko ndani ya siku 30 baada ya mwezi kwisha, na ikichelewa huongezewa tozo, kwa hiyo halmashauri inayoahirisha kulipa ili kuziba tundu jingine la bajeti hujiongezea deni. Kwa maoni yangu, orodha ya watumishi wa mapato ya ndani na uthibitisho wa michango yao ingepaswa kuwa mezani pa Kamati ya Fedha na Uongozi kila robo mwaka, bila kusubiri mkaguzi aiulizie.

Sasa tufike kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, ambacho kimezua maneno mengi kuliko kipengele kingine chochote cha hifadhi ya jamii nchini. Kanuni za mwaka 2018 zilishusha malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, hadi asilimia 25, zikasitishwa Desemba ya mwaka huohuo baada ya malalamiko ya wafanyakazi, na kikokotoo kipya kikaanza tarehe 1 Julai 2022 kikiwa na mkupuo wa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilipandisha kiwango hicho hadi asilimia 40 kwa watumishi wa kundi ambalo zamani lilipata asilimia 50, ambamo wamo waliokuwa wanachama wa LAPF na PSPF, na hadi asilimia 35 kwa wale waliokuwa katika kundi la asilimia 25.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila afisa utumishi anapaswa kuweza kuifanya kwa karatasi na kalamu mbele ya mtumishi. Huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, ukazidishwa kwa idadi ya miezi iliyochangiwa, kisha ukagawanywa kwa 580, na hapo hupatikana pensheni kamili ya mwaka. Sehemu inayolipwa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 ili kupata pensheni ya kila mwezi. Chukua mtumishi mwenye wastani wa shilingi milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi, aliyechangia miezi 360. Pensheni yake kamili ya mwaka ni takribani shilingi 7,448,000. Kwa asilimia 40, mkupuo wake unakuwa kama shilingi 37,241,000, na pensheni ya kila mwezi kama shilingi 372,400. Kwa kanuni ya zamani ya LAPF na PSPF, iliyogawanya kwa 540, ikazidisha kwa 15.5 na kutoa nusu kwa mkupuo, mtu huyohuyo mwenye wastani uleule angepata mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya mwezi ya shilingi 333,333.

Mtumishi akioneshwa namba hizo mbili bega kwa bega huelewa mwenyewe kilichobadilika, kwamba mkupuo umepungua sana na pensheni ya mwezi imeongezeka kidogo. Anaweza bado asikubaliane na mabadiliko hayo, na hiyo ni haki yake, lakini hatashtuka siku ya malipo wala hatamshuku karani kwamba amekula fedha zake. Uvumi mwingi unaozunguka ofisini na kwenye makundi ya simu hutoka kwa watu waliotajiwa kiasi cha mwisho bila kuoneshwa njia iliyokizaa.

Kutokana na hesabu hiyo kuna jambo ambalo, nijuavyo, halipewi uzito unaostahili. Kwa kuwa miaka mitatu bora ndiyo inayobeba wastani, cheo kilichocheleweshwa katika miaka ya mwisho hupunguza mkupuo na pensheni ya maisha yote. Mtumishi ambaye barua yake ya kupandishwa ilitoka lakini mshahara haukubadilishwa kwa wakati ana malimbikizo anayodai, na malimbikizo hayo yakilipwa bila makato ya michango, taarifa ya mfuko itaendelea kuonesha mshahara mdogo. Hivyo orodha ya watumishi wenye umri wa miaka 50 na zaidi ipitiwe kila mwaka kwa kulinganisha cheo kilichomo katika jalada, mshahara uliomo katika mfumo na mshahara uliomo katika taarifa ya michango, na penye tofauti barua iandikwe wiki hiyohiyo. Posho ya kukaimu haiingii katika hesabu hii, hata kama mtu amekaimu ukuu wa idara kwa miaka mingi, na ni haki yake aelezwe hivyo angali akikaimu.

Umri wa kustaafu kwa mujibu wa sheria ni miaka 60, na kwa hiari kuanzia miaka 55. Anayetaka kuondoka kwa hiari athibitishe kwanza kwamba ametimiza miezi 180 ya uchangiaji, kwa kuwa chini ya hapo hakuna pensheni ya kila mwezi, kisha afanye hesabu iliyotangulia kwa miezi aliyo nayo na kwa ile ambayo angekuwa nayo akifikisha 60. Tofauti ya miezi 60 kwa mtu wa mfano wetu ni zaidi ya shilingi 62,000 kila mwezi, mbali na mkupuo.

Upande wa halmashauri kuna gharama ambayo haitoki kwa PSSSF kamwe, nayo ni nauli ya mstaafu na familia yake pamoja na kusafirisha mizigo yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupitishwa na Baraza la Madiwani miezi kadhaa kabla, hivyo majina ya watakaostaafu yasipoingia katika makisio kwa wakati, mwalimu wa Hombolo au muuguzi wa Mpunguzi atabaki akidai fedha za mizigo huku akija mjini kila mwezi kwa nauli yake mwenyewe.

Mtumishi anaweza pia kufariki akiwa kazini, na hapo mwajiri huwa ndiye anayeijulisha PSSSF na kuisaidia familia kukamilisha nyaraka. Cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na uamuzi wa mahakama kuhusu msimamizi wa mirathi huchukua muda, na vingi kati ya hivyo vingeweza kuwa katika jalada kabla ya msiba kama mtumishi angeombwa kuhuisha taarifa za mwenza na watoto kila baada ya miaka michache. Wengi huacha majina waliyoandika wakiwa na miaka 25.

Kwa anayestaafu salama, akaunti ya benki iwe yake mwenyewe, iwe hai na iwe na jina linalolingana na lile lililo katika Kitambulisho cha Taifa. Aelezwe pia kwamba atahakikiwa mara kwa mara, ambapo siku hizi anaweza kujihakiki kwa simu janja, na asiyejihakiki kwa wakati anaweza kusitishiwa pensheni. Siku ya kumkabidhi barua afisa utumishi achukue namba ya simu ambayo mstaafu ataitumia huko aendako pamoja na ya ndugu mmoja wa karibu, na amwambie waziwazi kwamba mtu yeyote atakayempigia akitaka fedha kidogo ili kuharakisha mkupuo ni tapeli, hata kama anajua cheki namba yake, yaani namba yake ya utumishi, na tarehe aliyoajiriwa.