Kitabu cha kubeba porini: anza na ukurasa wa nyoka

Ukienda kupanda milima ya Kondoa au kuzunguka mapori ya Manyoni, usitegemee simu peke yake. Chaji ikiisha, kitabu bado kinasomeka. Ila chagua vizuri, maana begi halina nafasi ya kuchezea.

Kabla hujalipia kitabu cha kujiokoa porini, fungua ukurasa wa kuumwa na nyoka. Kikikuambia uchanje jeraha, unyonye sumu au ukaze kamba juu yake, kirudishe hapohapo hata kama kina picha nzuri. Ushauri huo ulishaachwa. Kitabu cha maana kitasema mtulize mgonjwa, mvue pete na saa kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na afikishwe hospitali haraka. Kwetu kuna kifutu, koboko na swila, kwa hiyo ukurasa huo mmoja una thamani kuliko sura nzima ya kujenga kibanda cha theluji.

Cha pili kiwe cha mimea, na tafuta kilichoandikwa kwa Afrika Mashariki: kioneshe ubuyu na ukwaju, na kikuonye kuhusu mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya sana.

Vitabu viwili hivyo vinatosha. Viwe vya kuingia mfukoni, herufi zisomeke kwa mwanga wa tochi, na uvitie kwenye mfuko usiopitisha maji, hasa Desemba hadi Aprili mvua zinaponyesha. Ndani ya jalada andika namba ya hospitali ya karibu kwa penseli. Wino ukilowa unafutika.