Kutoka Kigoma kwenda kwenye protoni: maandalizi ya mgonjwa mwenye uvimbe wa sakafu ya fuvu

Kodoma na kondrosakoma za sakafu ya fuvu, aina mbili za saratani ya mfupa, huota kwenye mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, mahali unapogusana na shina la ubongo na neva za macho. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuona vitu viwiliviwili, kwa sababu jicho moja limeshindwa kugeukia nje. Upasuaji hupunguza uvimbe, lakini ni nadra kuumaliza, na masalia yanahitaji mionzi ya takribani grei 70 hadi 78 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Shina la ubongo nalo huwa hatarini likivuka 54 hadi 60. Eksirei za mionzi ya kawaida hupenya na kutokea upande wa pili wa kichwa. Protoni, chembe ndogo za atomu zinazotumika kama mionzi, huachia sehemu kubwa ya nguvu zake mwisho wa safari, kisha husimama.

Tanzania haina mashine ya protoni. Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza hutoa mionzi ya kawaida. Nje, zipo Chennai na Navi Mumbai nchini India, na Heidelberg nchini Ujerumani, ambako hutumika pia chembe za kaboni.

Anza na nyama iliyotolewa kwenye upasuaji. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Omba bloku, yaani kile kipande kilichogandishwa kwenye nta, ili maabara ya huko ipime upya: kodoma na kondrosakoma hufanana kwenye hadubini, lakini dozi na matarajio hutofautiana. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Picha zinasumbua zaidi. Filamu zile kubwa za kuning'iniza dirishani hazifai kupangia mionzi. Chukua CD yenye mafaili ya DICOM, yaani picha asilia za kidijitali, ya MRI na CT scan, za kabla na za baada ya upasuaji, kisha ifungue kwenye kompyuta kabla hujaondoka hospitalini. CD tupu hutokea. Vipande vya picha viwe vya milimita 1. Pima kreatinini kwanza, maana MRI ya kuchomwa dawa hutegemea hali ya figo, na kipimo hicho kinafanyika hapahapa mkoani.

Kama bado hujapasuliwa, mwambie daktari wa upasuaji kwamba protoni zinafikiriwa. Skrubu na bamba za titani hutia kivuli kwenye CT, na hapo mtaalamu anayepanga mionzi hawezi kujua kwa uhakika protoni zitasimama wapi. Bora kuzungumza mapema kuliko kugundua ukiwa mezani India.

Maji maangavu yasiyo na rangi yakidondoka puani mgonjwa akiinama, usipande ndege ya Dar. Huenda ni maji ya ubongo yanavuja, na hewa inaweza kuingia ndani ya fuvu. Rudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Meno mabovu yatibiwe kabla. Nywele zinyolewe, au zikatwe fupi na zibaki hivyo: barakoa ya plastiki ya kushikilia kichwa hulainishwa kwenye maji ya moto na kufinyangwa usoni, na rasta zikiondolewa baadaye kichwa hucheza ndani yake. Kukonda nako huilegeza. Basi kula kwa bidii, na unga wa muhogo uingie kwenye begi kama ndio unaomwezesha mgonjwa kula.

Panga wiki 10: moja au mbili za maandalizi, kisha siku 5 kwa wiki kwa wiki 7 hadi 8. Kaboni huwa fupi, mara nyingi vipindi 16 hadi 22. Kila siku muda mwingi huenda kwenye kulaza na kupiga picha za kuhakikisha. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Ukipata mafua, sema kabla ya kulala mezani. Kamasi zikijaa mahali palipokuwa na hewa, protoni husimama karibu zaidi ya ilivyopangwa, na sehemu ya uvimbe ikakosa dozi.

Ukirudi Kigoma, uje na mpango wa dozi kwenye CD. Hospitali ya Maweni itauhitaji miaka mingi baadaye: pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni, inaweza kuchoka polepole, kwa hiyo homoni za tezi ya shingoni na homoni ya kotisoli hupimwa kila mwaka, pamoja na kusikia na kuona. Uchovu, baridi isiyoisha au kukosa hedhi visichukuliwe kuwa malaria tu; homoni nazo zipimwe.