Jinsi ya kufanya tangi la matumbawe lijiongeze maji lenyewe (na sakafu ibaki kavu)

Kama una tangi la matumbawe nyumbani ushaona maji yanavyopungua kila siku, na kinachoondoka pale ni maji matupu, chumvi yote inabaki ndani. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 4 kwa siku, chumvi yake ikiwa 35 kwa elfu leo, usipoongeza kitu siku tatu inafika 37 na zaidi kidogo, afu wewe unakuja na ndoo nzima unamwaga kwa mkupuo inarudi 35 ndani ya dakika moja. Samaki wengi watavumilia ila matumbawe hayapendi kabisa huo mchezo wa panda shuka. Kwa hiyo tunataka kitu kinachoongeza kidogo kidogo mchana na usiku, na kinachoongezwa ni maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando maalumu) yasiyo na chumvi, usije ukaweka maji ya chumvi humo, hilo kosa hufanyika sana na watu wapya.

Vitu vyenyewe ni vichache: pampu ndogo ya volti 12 (chagua ile dhaifu kabisa, nitasema kwa nini), adapta yake, swichi mbili za floti (zina boya linalopanda na kushuka na maji, likiwasha na kukata umeme), mpira mwembamba, na ndoo au dumu lenye mfuniko.

Floti zinakaa wapi? Kama una sampu (tangi dogo la chini linalopokea maji ya tangi la juu), ziweke chumba cha mwisho, kile chenye pampu inayorudisha maji juu. Tangi la juu usawa wake haubadiliki maana maji yakizidi yanamwagika kwenda sampu, upungufu wote unaonekana kwenye kile chumba cha mwisho tu. Kama huna sampu basi zikae kwenye tangi lenyewe, kona isiyo na mawimbi. Mawimbi yakiichezesha floti pampu itakuwa inawaka na kuzima kama taa mbovu, dawa yake ni kuiweka ndani ya kipande cha bomba la PVC ulichokitoboa vitundu chini.

Sasa waya. Kutoka chanya ya adapta nenda floti ya kwanza, toka hapo nenda floti ya pili, toka hapo kwenye pampu, kisha rudi hasi. Yaani zote kwenye mstari mmoja, yoyote ikikata pampu inazima. Ya kwanza iweke kwenye usawa unaoutaka, ya pili sentimita 3 hivi juu yake, hiyo ndo ya usalama. Zote mbili ziwe zinapitisha umeme zikining'inia chini na kukata zikiinuliwa na maji. Ukipima na mita ukakuta inafanya kinyume usiitupe, toa kile kipini cha chini, geuza boya lake juu chini, rudisha, kwisha kazi. Kama pampu yako inakula umeme kuliko uwezo wa floti weka rilei katikati (swichi inayowashwa na umeme mdogo kupitia koili yake), ila usifunge floti zote mbili kwenye koili ya rilei, maana kontakti za rilei zikigandana floti zote zinakuwa mapambo. Ya usalama ipitishe kwingine, rilei yake yenyewe.

Hapo kwenye mpira ndo mimi nilipoumia. Nilikuwa sipendi kelele ya matone usiku nikazamisha ncha ya mpira ndani ya maji, na ndoo ilikuwa juu ya stuli, juu kuliko sampu. Floti ilifanya kazi yake vizuri tu, pampu ikazima, lakini maji yakaendelea kuvutana yenyewe kwenye mpira mpaka ndoo ikaisha. Asubuhi nimekanyaga maji peku, matumbawe laini yote yamejikunyata na kipimo kinasoma 32. Swichi haizuii hilo hata ufunge kumi. Ncha ya mpira iwe juu ya maji siku zote, ndoo iwe chini kuliko ncha hiyo, na kwenye sehemu ya juu kabisa ya mpira toboa katundu kadogo ka kuingiza hewa, kaelekee ndani ya sampu maana katadondosha matone kidogo.

Ukubwa wa ndoo usichague kwa uvivu wa kujaza. Jiulize hivi, maji yote ya ndoo yakiingia kwa mara moja, sampu itayabeba bila kufurika? Na chumvi itashuka mpaka wapi? Lita 20 kwenye lita 200 zinakupeleka 35 mpaka kama 31.8, inauma ila inarekebishika, pipa la lita 80 ni msiba. Pampu dhaifu ni kwa sababu hiyohiyo, ikikwama imewaka angalau una muda wa kugundua.

Kabla hujaiamini, bonyeza floti ya chini kwa kidole uone pampu inawaka, inyanyue izime, afu ishikilie chini huku unanyanyua ile ya juu, pampu lazima ife. Konokono ndo adui hapa bana, anapanda anakaa juu ya boya kama kiti chake, wavu mdogo unamzuia.

Siku ya kubadilisha maji chomoa hii kitu kwanza, usipochomoa utakuwa unatoa maji ya chumvi wakati yenyewe inajazia maji ya RO nyuma yako. Skima (kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) ikifurika nayo hivyohivyo, inatupa maji ya chumvi, floti inaona pengo inajaza RO, chumvi inashuka taratibu na wewe hujui, ndo maana refraktomita, kile kipima chumvi, usiiweke kabatini. Floti zenyewe zilowekwe kwenye siki nyeupe kila mwezi, nusu saa tu, ule ukoko mweupe unatoka na boya linateleza tena.